Hakuna Madhara Yaliyoonekana

Karatasi zilikuwa kumi na mbili, na Naelijwa alizisoma akiwa amesimama, kwa sababu tangi la nne lilikuwa linatoa povu, na mpishi haketi povu linapopanda. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja. Jicho moja aliliweka kwenye kioo cha tangi, jingine kwenye maandishi. Ripoti ilikuwa ya Eliwaza, mkuu wa kituo na rafiki yake wa miaka thelathini. Kila mfanyakazi alitakiwa kuisoma na kutia sahihi kabla ya Jumatatu, ili kizibo kipya kiruhusiwe kwa watu.

Kituo kilikuwa Usangi, juu ya milima ya Upare, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia ndani bila kubisha hodi. Kilikuwa kikitengeneza protini, na protini hiyo wenyeji ndio walioiita kizibo. Walipoelezwa inavyofanya kazi walicheka wakasema, kumbe ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la maji ya kijito. Huzibwa jioni, hujaa usiku, na asubuhi kizibo huvutwa, maji yakashuka mferejini hadi kwenye migunda ya watu.

Wala hawakukosea. Mgonjwa mgeni alipofika, Naelijwa alimweleza kwa vidole vyake. Kwenye ncha ya mshipa wa fahamu, alisema, mna vifuko vidogo mno, na kila kifuko kimejaa ujumbe. Juu ya kifuko umesimama uzi wa protini. Kwenye ukuta wa ncha zimesimama nyuzi nyingine. Nyuzi hizo hutafutana, hujisuka pamoja kama mtu anavyosuka kamba, na kila msuko hukivuta kifuko karibu na ukuta. Msuko wa mwisho huwa haujakazwa. Yupo mlinzi, naye ni protini pia, anayengoja kalsiamu iingie. Ikiingia tu, mlinzi huachia, kamba hukazwa, kifuko hushikana na ukuta na kumwaga kilichomo. Upande wa pili mshipa mwingine husikia. Hapo ndipo mtu anaposema, naumwa.

"Sisi," Naelijwa alizoea kumalizia, akiingiza kidole gumba katikati ya vidole alivyovisuka, "tunaweka hiki hapa."

Kidole gumba hicho ndicho kizibo. Kilikaa kwenye msuko miezi minne, kisha mshipa ukaota nyuzi mpya, na mgonjwa akarudi kwa matone mengine ya pua. Kila kizibo kilikuwa na anwani yake, kikienda kwenye mishipa ya aina moja tu. Cha mgongo hakikugusa meno. Watu waliokuwa wakiletwa kwa machela walirudi makwao wakitembea, na mmoja wao, mama mzee wa Ugweno, aliwahi kuwaletea kuku mwenye utepe mwekundu shingoni. Naelijwa hakuwahi kumsahau kuku yule wala mwenye kumleta.

Kizibo kipya kilikuwa na anwani ya majonzi.

Alifika ukurasa wa saba. Hapo palielezwa mtu wa kwanza kujaribiwa. *N., mwanamke, miaka hamsini na mitano alipoanza, mjane, amefiwa na mwana wa pekee. Anatumia mkono wa kushoto. Alirejea kazini siku ya tatu. Hula vizuri. Hulala vizuri. Dozi kumi na nane katika miaka sita. Hakuna madhara yaliyoonekana.*

Chini yake ziliorodheshwa tarehe zote kumi na nane za dozi.

Naelijwa alizima moto chini ya tangi. Halafu, kwa mkono wake wa kushoto, alishusha daftari la kuonja kutoka rafuni.

Desturi ya kuonja ilikuwa ya kituo hicho peke yake, na waliileta kutoka majumbani kwao. Upareni mwenye dengelua hunywa kwanza, mbele ya wageni, waone kwamba pombe haina neno. Basi na wao tangu siku ya kwanza walikubaliana kwamba mpishi wa kizibo atajiwekea matone ya kwanza ya kila tangi. Wagonjwa waliipenda desturi ile. Wakaguzi waliotoka mjini waliisifu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anayewaonjea wote, yeye mwenyewe haonjewi na mtu. Matone yake yaliandaliwa na Eliwaza, siku zote Eliwaza, naye hakuyatoa baridi kwenye friji kama walivyofanya wengine. Alikifumbata kichupa kiganjani mpaka kipate joto, maana matone ya baridi huchoma pua.

Alilinganisha tarehe moja moja. Kumi na saba zilikuwemo, kwa mwandiko wake mwenyewe wa kuegemea nyuma: *Nimeonja. Hakina neno.*

Ile ya mwanzo tu haikuwemo. Ilikuwa siku waliyomzika Mbazi, mwanawe.

Alingoja hasira ije. Ilikuja, lakini ilikuja kavu, kama upepo wa kule Same tambarare, unaovuma kutwa na usilete tone. Alijua kwamba amesalitiwa. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba leo ni Alhamisi. Na hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa kilichochukuliwa: hata cha kumlilia rafiki yake hakuachiwa.

*

Eliwaza alikuwa akichuja chai ya tangawizi. Alipomwona mlangoni alitoa kikombe cha pili bila kuulizwa, kile chenye mpini mzima. "Karibu, Mpishi," alisema.

Zamani alikuwa akimwita Mama Mbazi, kama watu wote. Naelijwa hakukumbuka lini jina hilo lilikoma. Sasa alikumbuka.

Aliweka ripoti mezani, na daftari la kuonja kando yake.

"N. ni nani?"

Eliwaza alitazama ripoti, kisha daftari. "Kaa kwanza," alisema.

"Nimekaa miaka sita."

Basi Eliwaza alieleza, na hakudanganya. Heshima hiyo Naelijwa alimpa. Alisema kwamba Mbazi alipoanguka kutoka kwenye nguzo ya magari ya kamba yanayoshuka Mwanga, mama yake aliacha kula. Hakunywa hata maji. Asubuhi ya maziko Eliwaza alimkosa chumbani, akamfuata, akamkuta kwenye ukingo wa ndiva ya juu, ndiva ikiwa imejaa. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga juu ya jiwe, sawasawa, kama mtu anayetaka kuingia nyumba ya watu. Kizibo cha majonzi kilikuwa bado ni kitu cha kwenye friji, hakijapewa hata jina. Eliwaza alimshika mkono, akamrudisha, akampa matone akamwambia ni ya kichwa.

Naelijwa alivikumbuka viatu. Alikuwa hajui kwa nini anavikumbuka.

"Hiyo ni mara moja," alisema. "Zile kumi na saba?"

"Kila mara nilisema hii ndiyo ya mwisho." Eliwaza aligeuza kikombe mezani. "Halafu tangi la nne halikuwa na mpishi mwingine. Nalo hilo ni kweli. Halafu nikakuona unakula, unacheka na wagonjwa, nikaanza kuandika. Kuna wajane wengine huko, kuna mama wengine wanaovua viatu. Nilifikiri, wewe ungekubali kama ningekuuliza."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Dirishani ukungu ulikuwa unapanda. Naelijwa aliuliza jambo moja tu zaidi, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa sauti nyingine hakuwa nayo. Aliuliza Foibe yuko ukurasa gani. Foibe alikuwa mke wa Mbazi. Mwezi wa tatu baada ya maziko aliondoka na mtoto mgongoni, akaenda kuishi Mpanda, akisema hawezi kukaa na mwanamke asiyemlilia mwanawe.

"Hilo sikulihesabu," alisema Eliwaza. "Nililiona kama ni mambo ya familia."

"Ulikuwepo stendi. Ulimbebea begi."

Chai ilipoa katikati yao.

Hatimaye Naelijwa alisema anachotaka. Kesho Foibe anafika, Jumamosi wanaweka jiwe la kaburi la Mbazi, na Jumapili Foibe anaondoka na huenda asirudi tena. Kwenye friji kuna kizibuo, ile protini ya kung'oa kizibo kwa mgonjwa aliyezidishiwa. Anataka kuwekewa hiyo.

Eliwaza alishtuka sana, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Alimsihi angoje. Akiacha tu kuonja, kizibo kitalegea chenyewe, miezi minne, kidogo kidogo kama maji yanavyovuja. Kikivutwa kwa mara moja ni jambo jingine. Mshipa unaosubiri ujumbe usiofika haukai bure. Huota masikio mapya, na mengine, na mengine, ukitega. Kwa miaka sita masikio hayo yamekuwa msitu. Mnong'ono wa kawaida utasikika kama radi, na moyo wa miaka sitini na mmoja si wa kuchezewa. Anaweza kufa pale pale kaburini.

"Naweza," alisema Naelijwa. "Lakini sitamzika mwanangu mara ya pili nikiwa sipo."

Alisimama. Alisema Eliwaza ndiye atakayeleta matone, kwa mkono wake. "Na unajua sheria ya ndiva, Eliwaza. Wewe na mimi tuliipigia magoti, kila mmoja kwao, tukiwa wasichana. Kizibo hakivutwi kimya. Anayevuta hupiga baragumu kwanza, na wa chini wote wajue maji yanakuja na yametoka wapi."

Eliwaza alielewa. Kusema mbele ya watu kulikuwa kuua ripoti, na pengine kituo.

Naelijwa aliichukua ripoti bila kuitia sahihi. Kikombe chenye mpini mzima alikiacha kimejaa.

*

Foibe alifikia nyumba ya wageni ya kanisa. Alikuwa amenenepa kidogo na alivaa miwani sasa. Hakutabasamu alipomwona mama mkwe wake, lakini alimfutia kiti kwa ncha ya kanga yake kabla hajaketi, na Naelijwa aliliona hilo akaliweka moyoni.

Waliongea juu ya safari, juu ya mvua za Mpanda, juu ya fundi wa jiwe. Mtoto, Nakunda, mwenye miaka tisa, alikaa kitandani akimtazama bibi yake kama anavyotazamwa mtu ambaye habari zake zimesimuliwa mno. Alikuwa na masikio ya Mbazi, yaliyosimama kama ya sungura.

"Bibi," alisema, "ni kweli wewe hulii?"

Foibe alimwambia mtoto atoke akacheze. Mtoto alitoka polepole, akakaa nje ya mlango.

"Mimi sikuja kugombana, Mama," alisema Foibe. "Nimekuja kuweka jiwe. Ila nina ombi. Kesho usilie kwa ajili ya watu. Siku ile walipomshusha mwenzangu kaburini, wewe uliniinamia sikioni, nikadhani utaniambia neno. Uliniuliza kama kuna mtu amezima moto wa tangi." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Miaka sita nimelisikia hilo. Usije kesho ukalia mbele ya huyu mtoto kama mwigizaji. Atajua."

Naelijwa angeweza kusema hapo hapo. Maneno alikuwa nayo, na ripoti ilikuwa kwenye mkoba. Lakini alijisikiliza akilini jinsi yatakavyotoka: makavu, yamenyooka, kama mtu anayesoma tangazo. Yatakuwa kisingizio. Na tena hayakuwa maneno yake. Yalikuwa ya Eliwaza.

"Sitaigiza," alisema. Akaomba ruhusa, akaondoka. Nje ya mlango Nakunda alimsogezea ndala zake, kila moja upande wake, ili avae bila kuinama.

*

Jumamosi asubuhi walikusanyika migombani, nyuma ya nyumba, watu wasiozidi ishirini. Fundi aliliweka jiwe, akalipima kwa kamba. Mchungaji aliomba. Kwaya ndogo ya akina mama iliimba beti mbili. Eliwaza hakuwepo.

Naelijwa alisimama upande wa kichwani, macho makavu. Aliwasikia wanawake wawili nyuma yake. Mmoja alisema yule ni wa mawe toka zamani. Mwingine alisema basi wangemtumia yeye kuwa jiwe wakaokoa la fundi. Hakugeuka. Mkono wa Foibe ulimshika mtoto kwa nguvu zaidi.

Mchungaji alipokuwa anafunga kitabu, Eliwaza alitokea njiani. Alikuja polepole, bila koti la kituo, amevaa gauni la kanisani. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa kifuani.

Alisimama ng'ambo ya kaburi. Kwa muda alionekana kama atageuka arudi.

"Piga baragumu," alisema Naelijwa.

"Mama Mbazi," alianza Eliwaza, na jina lile, lisilosikika kinywani mwake kwa miaka sita, lilifanya watu wainue vichwa. Alisema yote. Alitaja viatu na ndiva, lakini hakukaa hapo kama mtu anayejificha nyuma ya wema wake. Alitaja matone ya kichwa. Alitaja dozi kumi na nane, na kwamba Mama Mbazi hakujua hata moja. Alimgeukia Foibe akasema kwamba swali la moto wa tangi halikuulizwa na mama mkwe wake. Liliulizwa na kizibo, saa tatu baada ya kuwekwa.

"Nimeandika ripoti," alisema. "Nimeandika kwamba hakuna madhara yaliyoonekana. Niliyaona. Yalipanda basi mbele yangu, nami nikayabebea begi."

Wale wanawake wawili walitazama chini.

Foibe alikuwa amefunika mdomo. Alipoutoa mkono alisema taratibu, bila kumwelekea mtu, "Kwa hiyo nilimchukia mtu ambaye hakuwepo." Alipoambiwa kichupa alichokifumbata Eliwaza ni cha nini, na hatari yake, alizunguka kaburi haraka, akasema hapana, Mama, inatosha, nimesikia, sasa najua, achana nayo, ngoja miezi minne, mimi nitangoja na wewe. Alisema kwa moyo wake wote. Na Naelijwa aliuona moyo huo, mzuri, karibu kabisa naye, akashindwa kuusikia. Kama chakula kinachonukia nyuma ya kioo.

Hilo ndilo lililomkatia shauri.

"Kwa kuwa wewe umejua, nimefurahi," alisema. "Lakini mimi bado sijajua."

Aliketi juu ya udongo kando ya jiwe. Foibe, alipoona hazuiliki, hakubishana tena. Aliketi nyuma yake akamwegemeza kifuani, miguu huku na huku, kama wakunga wanavyomshika mwenye kuzaa, akaweka kiganja juu ya moyo wake auhesabu. Mchungaji alimtuma mtu kwa gari la zahanati. Eliwaza alipiga magoti mbele yao, akamtia Naelijwa matone puani.

Matone yalikuwa ya moto. Yalikuwa na joto lile lile la siku zote.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kuku alipita migombani. Kisha ilikuja harufu, harufu ya grisi ya magari ya kamba kwenye nywele za Mbazi, aliyokuwa akimfokea nayo kila jioni, kaoge kabla hujaketi. Kisha masikio yake yaliyosimama. Kisha uzito wake akiwa na siku moja, akitosha nusu ya mkono. Ikaja kumbukumbu moja, ikaja nyingine, kisha hazikuja moja moja tena. Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake. Watu walirudi nyuma hatua. Moyo wake ulipiga chini ya kiganja cha Foibe kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Foibe alisikika akihesabu, akipoteza hesabu, akaanza tena. Mara moja uliruka, ukakaa, Foibe akapiga kelele, ukashika tena.

Alimlilia mwanawe kwa jina. Aliomba msamaha kwa moto wa tangi. Alilia mpaka gari la zahanati likafika, muuguzi akamwekea kipimo mkononi, akaambiwa na Foibe kwa ukali, mwache. Wakati fulani kitu chepesi kilimwangukia mapajani, na alipofumbua macho kilikuwa kichwa cha Nakunda. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anamsikiliza, kama mtu anayehakikisha.

"Huyu haigizi," Nakunda alimwambia mama yake.

Maji ya kwanza yalipopungua nguvu, Naelijwa aliinua uso. Ng'ambo ya jiwe Eliwaza alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna aliyemsogelea. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini Naelijwa hakuutazama uso. Alitazama mkono. Kile kichupa, kilichokwisha kuwa kitupu, Eliwaza alikuwa bado amekifumbata kiganjani, akikipasha moto.

Ndipo hasira ile ya Alhamisi ikamuuma. Haikuja kavu tena. Ilishuka yote kwa pamoja, miaka thelathini, chai ya tangawizi, mpini mzima, matone yasiyochoma pua, mara ya kwanza, na zile kumi na saba. Alimlilia rafiki yake pale pale mbele ya macho yake, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa, na Eliwaza, aliyeijua kazi ya matone yale kuliko mtu yeyote duniani, alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba sasa analiliwa yeye.